Arusha: Mji wa Saa Tatu

Ndugu msomaji, ukisimama chini ya Mnara wa Saa wa Arusha asubuhi ya siku ya kazi, na madhali saa yenyewe inakwenda, utaona mkono mfupi umesimama juu ya tarakimu 9. Mwulize muuza magazeti aliye karibu nawe ni saa ngapi. Atakujibu bila ya kufikiri kwamba ni saa tatu. Hakuna anayegombana na mwenzake kwa ajili hiyo: mnara unasema tisa, ulimi unasema tatu, na wote wawili wamesema kweli. Mimi nimeishi na jambo hili tangu utoto, wala sikupata kulitilia maanani hata mwezi wa Oktoba 2024, nilipokesha usiku mmoja katika miteremko ya Mlima Meru, nikagundua kwamba iko saa nyingine tena, ambayo kwa wakati uo huo husema sita. Na kwamba mtu aweza kuharibu kazi ya mwaka mzima kwa kutojua ni ipi kati ya saa hizo tatu anayoiandika.

Mwenyeji wangu ni fundi wa simu aliyestaafu, mwenye nyumba yake juu kidogo ya Ngaramtoni, zaidi kidogo ya kilomita kumi kutoka mnarani. Aliniomba nisiliandike jina lake wala la kituo chake, nami naliheshimu ombi hilo. Nilipanda kifodi, maana hivyo ndivyo watu wa Arusha waitavyo yale mabasi madogo ambayo kwingine huitwa daladala, siku ya Ijumaa tarehe 25 alasiri. Tuliiacha nyuma kelele ya mji, tukapita Sakina, na barabara ya Namanga ikaanza kupanda. Mkono wetu wa kulia Mlima Meru ulikuwa umejifunga mawingu kiunoni kama mama aliyejifunga khanga kwa kazi, na kilele chake, mita 4,566 juu ya bahari, kikichungulia peke yake. Mara ya mwisho mlima huu kutoa majivu ilikuwa mwaka 1910. Tangu hapo umetulia, na watu wamepanda migomba, mibuni, mahindi na maharage hadi penye mpaka wa msitu.

Nilishuka, nikapanda kwa miguu njia ya vumbi. Nyumba haikunipa tabu kuitambua. Nyuma ya paa lilisimama bomba refu la chuma, la aina ile ya mabomba ya maji, na juu yake fito za alumini zimepangwa mfano wa mifupa ya samaki. Kutoka hapo waya mwembamba ulikwenda mpaka kwenye migrevilea miwili uani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana. Usiutazame sana mlingoti wangu, utakuchosha shingo. Majirani walidhani natafuta televisheni ya Ulaya, sasa wamezoea."

Yapasa kwanza nikueleze, ndugu msomaji, mzee huyu anafanya nini. Neno ridhaa twalijua sana kutokana na michezo: bondia wa ridhaa ni yule apiganaye kwa mapenzi ya mchezo, si kwa malipo. Iko pia redio ya ridhaa. Mwenye redio hiyo hatangazi habari wala hapigi muziki, na ni mwiko kuifanyia biashara. Huzungumza na wenzake wa namna yake walioko duniani kote, moja kwa moja, mtambo kwa mtambo, bila ya waya wala setilaiti wala kampuni ya simu katikati. Hapa kwetu leseni yake hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yenye ofisi ya Kanda ya Kaskazini humu humu Arusha. Kila mwenye leseni hupewa alama ya kituo, ambayo ni herufi na tarakimu zisizofanana na za mtu mwingine yeyote duniani. Alama za Tanzania zatambulika kwa mwanzo wake, ambao aghalabu ni 5H. Kabla ya Uhuru, Tanganyika ilijulikana hewani kwa VQ3, na mzee wangu anazo kadi chache za kale zenye alama hiyo, zimehifadhiwa katika kopo la biskuti.

Arusha yenyewe si ngeni kwa mambo ya redio. Katika barabara ya kwenda Moshi kuna mahali ambapo makondakta hadi leo hupaita Philips, kwa jina la kiwanda kilichokuwa kikiunganisha redio. Wengi wa vijana wanaoshuka pale hawajui kwa nini paitwe hivyo. Mzee anajua. Redio yake ya kwanza ya kusikilizia ilitoka pale, na ndiyo aliyoifungua kwa bisibisi ili aone sauti inaingilia wapi.

Nilimwuliza kwa nini alihamia huku juu, mbali na mji. Nilitarajia anitajie hewa safi au uhaba wa viwanja. Badala yake alinipeleka uani, akanigeuza mabega kuelekea kilele.

"Mjini, mlima uko kaskazini," akasema. "Ukitaka kuongea na Ulaya, unaongea na ubavu wa Meru. Hapa mlima uko mashariki. Ulaya iko wazi, na Marekani iko wazi. Niliyempoteza ni Mjapani tu."

Baadaye niliipima maneno yake kwa ramani, nikaona ni hesabu tupu. London iko kilomita zipatazo 7,000 kutoka Ngaramtoni, upande wa kaskazini ukipinda kidogo magharibi, na New York iko upande wa kaskazini-magharibi. Huko kote, kutoka uani kwa mzee, ardhi hushuka na kuzidi kushuka kuelekea mbuga za Longido. Tokyo, kilomita zaidi ya 11,000, iko kaskazini-mashariki, na ukiinyoshea kidole, kidole chako kinapita karibu sana na kilele cha Meru. Mawimbi mafupi ya redio yaendayo mbali huondoka yakiwa karibu na ardhi, yakapanda taratibu hadi kwenye tabaka la juu la anga ambalo jua limelitia umeme, yakarudishwa chini kama mpira ugongao dari. Mlima ukiwa mbele yako, mpira wako unagonga ukuta kabla ya kufika darini. Kwa hiyo, mahali ambapo wewe nami tungetafuta kiwanja kwa kuuliza habari za maji na barabara, mzee huyu aliuliza kwanza Ulaya iko wapi.

Wakati wenyewe ulikuwa mzuri usio kifani. Madoa ya jua huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka ipatayo 11, na yanapozidi, tabaka lile la anga hupata nguvu na redio ndogo husikika mbali. Katikati ya Oktoba 2024 wataalamu wa Marekani walikuwa wametangaza kwamba jua limefikia kipindi cha kilele chake. Mzee aliingoja habari hiyo kama mkulima angojavyo mvua za masika.

Na alikuwa na shabaha. Kila mwaka, mwishoni mwa juma la mwisho la Oktoba, hufanyika mashindano ya sauti yaitwayo CQ World Wide, yaliyoanzishwa na jarida la Marekani la CQ mwaka 1948. Kwa muda wa saa 48 kila kituo hujitahidi kuwasiliana na vituo vingi kadiri iwezekanavyo, katika nchi nyingi kadiri iwezekanavyo. Dunia imegawanywa katika kanda 40. Sisi tumo katika ukanda wa 37, pamoja na Kenya, Uganda, Ethiopia, Somalia na Msumbiji. Mkikutana hewani hamuulizani hali. Mnapeana alama za vituo, kisha kila mmoja humwambia mwenzake jinsi amsikiavyo na ukanda aliomo, mkaachana. Yote yamekwisha katika muda usiotosha kuwasha kiberiti mara mbili. Jinsi ya kusikiana huandikwa kwa tarakimu, na aliye bora kabisa hupewa 59. Nami niligundua mapema kwamba kila mtu humpa kila mtu 59, hata anayesikika kama nzi ndani ya chupa. Nilipomwuliza mzee, akacheka: "Huo ndio uongo pekee unaoruhusiwa katika mashindano haya."

Hesabu ya ushindi si ngumu, lakini ni kali. Ukimpata mtu wa bara jingine, una alama tatu. Ukimpata mtu wa nchi nyingine ya Afrika, una alama moja. Mtanzania mwenzako hakupi alama, ingawa nchi na ukanda wake vinahesabiwa. Mwishoni jumla ya alama huzidishwa kwa jumla ya kanda na nchi ulizozipata katika kila mkondo wa mawimbi. Tuseme una alama 300, kanda 20 na nchi 40: tija yako ni 300 mara 60, yaani 18,000. Nchi moja ikifutwa kwa kosa la kalamu, si alama tatu zilizokwenda. Zimekwenda zaidi ya 300.

Hapa ndipo linapoingia daftari, ambalo ndilo lililonileta niandike makala hii. Kila kituo huandika kila mawasiliano, kisha hupeleka daftari zima kwa wakaguzi. Zamani za karatasi, asema mzee, ulitia bahasha nene katika sanduku la posta na kuomba Mungu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 madaftari yamekuwa ya kielektroniki, kwa muundo uitwao Cabrillo. Nilidhani ni kitu cha ajabu. Kumbe ni faili la maandishi matupu, ambalo hata simu ya mkononi yaweza kulifungua. Mstari wa kwanza hutangaza kwamba daftari linaanza, na wa mwisho hutangaza kwamba limekwisha. Juu huandikwa alama ya kituo, jina la mashindano, kundi unaloshindania, nguvu ya mtambo, mahali ulipo, na alama unazodai. Chini yake kila mawasiliano hupewa mstari wake mmoja: masafa kwa kilohezi, herufi PH kwa maana ya sauti, tarehe, saa, alama yako na uliyompa mwenzako, alama ya mwenzako na aliyokupa. Basi.

Lakini mstari huo haukai peke yake. Kompyuta za wakaguzi huuchukua na kuutafuta katika daftari la yule unayesema ulizungumza naye. Kama wewe umeandika kwamba ulimpata mtu fulani saa fulani, naye awe ameandika vivyo hivyo. Ukikosea alama ya mwenzako, au usipokutwa kabisa katika daftari lake, mawasiliano hayo hufutwa, na juu yake unatozwa faini ya alama mara mbili ya ulizozidai. Kila mtu ni shahidi wa kila mtu, na mashahidi hawajuani.

Saa hunukuliwa kwa wakati wa dunia, ule uliokuwa ukiitwa wa Greenwich, ulio nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Mashindano yalianza saa sita kamili usiku wa dunia, mnara wa Arusha ulisema tatu, na mama mwenye nyumba, alipotuletea chai ya maziwa, akasema, "Saa tisa hii, na nyinyi hamjalala?"

Siku nzima ya Jumamosi mzee aliketi mbele ya mtambo wake wa wati 100, ambazo ni sawa na taa moja ya zamani ya sebuleni. Mkono wa kushoto juu ya kitufe cha masafa, wa kulia juu ya kompyuta ya mezani iliyoandika saa yenyewe. Kila baada ya muda alitoka kwenda kuligeuza bomba la mlingoti kwa mikono yake miwili, kama nahodha ageuzavyo usukani. Mchana Ulaya ilimjia kwa wingi, sauti juu ya sauti, kila moja ikiitaka Tanzania. Mimi nilikula loshoro na kutazama.

Jioni Marekani ilifunguka. Nasema ilifunguka kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: dakika chache hapakuwa na kitu, kisha mkondo wa mita kumi ukajaa sauti za watu ambao kwao ilikuwa bado adhuhuri. Mzee alikaa wima. Alikuwa katikati ya kumjibu mtu wa huko, amekwisha kupokea tarakimu zake na anampa za kwetu, ndipo umeme ulipokatika. Ilikuwa saa moja na dakika arobaini na tatu za usiku.

Hakulaumu mtu. Alikwenda na tochi, akarudi na betri ya gari, akaunganisha mtambo, akapunguza nguvu hadi wati 50 ili betri isichoke mapema. Kompyuta haikuwa na betri. Akanitazama.

"Mwandishi, hati yako ni nzuri?"

Hivyo ndivyo nilivyokabidhiwa kaunta buku na kalamu. Tangu saa mbili na dakika tano usiku hadi saa kumi alfajiri mzee alisikia na kutamka, nami nikaandika, kwa mwanga wa taa ndogo ya kuchaji iliyoninginizwa msumarini. Niliandika mistari 318. Mkono uliniuma hadi begani, nami nilijisikia nimeitumikia nchi. Jumapili nilirudi mjini kulala. Mzee aliendelea peke yake hadi mwisho, umeme ukiwa umerudi.

Siku ya Jumatano nilikwenda tena Ngaramtoni. Sheria inatoa siku tano tu za kupeleka daftari; safari hii mwisho ulikuwa Ijumaa tarehe 1 Novemba, dakika ya mwisho ya siku kwa wakati wa dunia. Nilitegemea kukuta kazi imekwisha. Nilimkuta mjukuu wa mzee, msichana wa kidato cha tatu, ameketi mbele ya kompyuta, kaunta buku langu limefunguliwa, na uso wake unajizuia kucheka.

"Shikamoo," akaniamkia kwa heshima zote. Kisha akamgeukia mzee. "Babu, mawasiliano ya mwisho katika kompyuta ni 1643. Yanayofuata ya mgeni ni 2:05. Hapo katikati mlikwenda wapi?"

Hatukwenda popote, ndugu msomaji. Nilikuwa nimetazama saa ya mkononi, mkono mfupi umepita nane, nami nikaandika kama mama yangu alivyonifundisha: saa mbili na dakika tano. Kurasa kumi na moja za saa za Kiswahili! Saa mbili usiku ni saa ishirini ya ofisini, nayo ni saa kumi na saba ya dunia. Hata tarehe nilikuwa nimeiharibu. Ilipofika saa sita za usiku nilibadilisha kwa fahari kutoka 26 kuwa 27, kumbe siku ya dunia hubadilika kwetu saa tisa. Wazee wetu wa pwani wangenicheka zaidi, maana kwao usiku ule ulikuwa wa Jumapili tangu jua lilipotua.

Wakaguzi huvumilia tofauti ya dakika chache, kwa kuwa saa za watu hazilingani. Na daftari lililokosea kwa kipimo kimoja tangu mwanzo hadi mwisho laweza kutambuliwa. Lakini letu lilikuwa sahihi, kisha likawa la Kiswahili, kisha likawa sahihi tena. Lingesomeka kama ushahidi wa mtu aliyekunywa.

Dawa ilipatikana. Msichana alipiga hesabu pembeni mwa karatasi: kila saa yangu ya usiku, ongeza kumi na tano, ikifika ishirini na nne, ni sifuri ya siku inayofuata. Mbili ikawa kumi na saba, sita ikawa ishirini na moja, tisa ikawa sifuri. Nilimsomea mstari kwa mstari, naye akaandika. Kugeuza saa hakukatazwi, kwa kuwa saa iliyoandikwa ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa katika lugha nyingine.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka tulipofika ukurasa wa saba. Katika alama moja, tarakimu yangu haikujulikana kama ni 6 au ni herufi G. Nikatoa simu mfukoni. Orodha za vituo vya dunia zimo katika intaneti; kwa nukta chache ningejua ni alama gani iliyopo na ni ipi isiyopo.

"Rudisha simu yako, mwanangu," mzee akasema. "Ulisikia nini usiku ule?"

"Sikumbuki, Mzee."

"Basi hatujui."

Akanieleza kwamba kanuni hairuhusu, mashindano yakishakwisha, kusahihisha alama za vituo kwa kutazama orodha, wala kwa kurudia kusikiliza sauti zilizorekodiwa, wala kwa kumwandikia mwenzako kumwuliza. Daftari ni la yale masikio yaliyoyapata, si la yale yanayofaa kuwa yamepatikana. Iko njia ya mstari wa namna hiyo: huwekwa herufi X mwanzoni. Mstari wenye X haukuletei alama wala faini. Aliuweka X ule. Kisha akapanda juu hadi kwenye yale mawasiliano ya 1643, ya yule Mmarekani aliyekatikiwa na umeme wetu, akaweka X nyingine.

"Huyu sijui kama alinisikia mpaka mwisho," akasema. "Mimi sitamdai. Lakini yeye akiwa ameniandika, nikamfuta kabisa, atatozwa faini kwa giza la Ngaramtoni. Kwa nini?"

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa taabu zangu. Msichana alirudi juu ya faili, penye mstari wa kundi, akasoma alichokuwa ameandika babu yake tangu wiki iliyopita: mwendeshaji mmoja, nguvu ndogo. Mzee akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa shati, na akakaa kimya kwa muda ulionitia wasiwasi.

Mwendeshaji mmoja, ndugu msomaji, maana yake ni mtu mmoja afanyaye kazi yote: kusikiliza, kusema na kuandika. Kazi yote. Kundi hilo ndilo alilojiandalia mwaka mzima, kwa mlingoti wake, kwa kulala mchana, kwa kujinyima. Na kwa saa nane kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

"Lakini mimi sikusikiliza wala sikusema neno," nikamwambia. "Niliandika tu ulichonitajia. Na hakuna aliyeniona."

Sioni haya kukiri kwamba nilisema hivyo. Nilisema kwa sababu nilijiona mwizi. Kundi la pili, la waendeshaji wengi wenye mtambo mmoja, ni la watu wanaopokezana zamu, wengine na milingoti ambayo gharama yake ingejenga shule. Mzee wa miaka sabini na mwandishi mmoja mwenye kaunta buku watashindana nao vipi?

"Ningekuwa nimekaa peke yangu, ningeandika mwenyewe, ningepata nusu ya wale," akajibu. "Nusu ile nyingine ni yako. Mama Asha," akamwita mkewe aliyekuwa mlangoni, "usiku ule tulikuwa wangapi humu?"

"Wawili," mama akasema. "Na mlimaliza mkate wote."

Msichana alibadilisha mstari. Jina langu halikuweza kuwekwa pamoja na waendeshaji, kwa kuwa sina leseni wala alama. Lakini muundo ule unayo mistari ya maelezo ya hiari, na mzee alimtajia aandike humo kwa Kiingereza kifupi kwamba umeme ulikatika, kwamba mgeni asiye na leseni alishika kalamu kutoka saa fulani hadi saa fulani, na kwamba mistari miwili imewekwa X kwa sababu ya shaka. Akaongeza mahali: KI86, ambao ndio mraba wa Arusha katika ramani ya wanaredio. Mawasiliano yaliyojirudia hakuyafuta. Kuyaacha hakuna adhabu, na huenda mwenzake aliyahitaji.

Walipeleka faili kwa intaneti ya simu yangu, ambayo hatimaye ilipata kazi ya halali. Mtambo wa upokeaji hujibu wenyewe, na mara ya kwanza ulilikataa: msichana alikuwa ameacha nafasi katikati ya alama ya kituo cha babu yake. Akarekebisha, akapeleka tena. Daftari la mwisho kupokewa ndilo linalohesabiwa. Safari hii jibu lilikuwa kwamba limepokewa. Muda wa mwisho ukishapita, madaftari ya wote huwekwa hadharani, na yeyote duniani aweza kusoma mstari kwa mstari Ngaramtoni ilisema na nani usiku wa Jumamosi ile, na saa ngapi.

Mzee alitaka lile jibu lichapishwe, alitie katika jalada lake pamoja na yale ya miaka ya nyuma. Nikamwahidi nitalichapa ofisini na kulituma kwa kifodi. Mama alinipa ndizi za kwenda nazo mjini, mkungu ulionipita nguvu, na mzee akanisindikiza hadi barabarani, akitazama juu mara kwa mara kuona kama mawingu yametoka kileleni.

"Mwakani uje tena," akasema gari lilipokaribia. "Lakini kalamu uiache mjini."